Lori ama remorki? Ginsi gari la mashindano linavyovuka mipaka yetu

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa tatu, magari ya rally yanaanza kuzunguka eneo letu. Kenya kuna Safari Rally, ambayo ilizaliwa 1953, ikarudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, na sasa inakimbiwa kandokando ya Naivasha. Uganda, Rwanda, Tanzania na Zambia nazo hupokea mashindano ya ubingwa wa Afrika. Mei 2024, mashindano ya Uganda yalifanyika Mbarara, mji ambao mtu anayetoka Kasindi anaweza kuufikia kwa siku moja.

Watazamaji wanaona vumbi na kona. Kitu wasichokiona ni safari ya kufika. Gari hilo halikuteremka toka mbinguni. Mtu alilibeba kilomita mingi juu ya lami, juu ya matope na kupita duane mbili ama tatu. Mwenye gari mdogo, yule asiyekuwa na kampuni kubwa nyuma yake, anajiuliza kila mara: tulipandishe juu ya lori, ama tulikokote juu ya remorki nyuma ya pickup? Akijibu vibaya anaweza kupoteza gari, kupoteza pesa, na hata kupoteza watu.

Kwa nini lisijiendeshe lenyewe?

Gari la rally liko na plaki na linaruhusiwa barabarani, kwa sababu kati ya sehemu moja ya mbio na nyingine linapita njia ya watu wote. Lakini kuliendesha kilomita 500 kabla ya mashindano ni kulichosha bure. Gia zake ni fupi, linakula esansi nyingi, na ndani kuna joto na kelele. Tena, likivunjika wakati wa kurudi, nani atalileta nyumbani? Ndiyo maana hata wenye pesa kidogo wanatafuta kitu cha kulibeba.

Hesabu ya kilo

Tuanze na uzito, sababu njo unaamua mambo mengine. Gari la daraja la Rally2, lile linalotumiwa na wengi wanaopigania ushindi Afrika, haliruhusiwi kuwa chini ya kilo 1.230. Remorki yenyewe ya kubeba gari inaweza kupima kilo 500 mpaka 700. Ongeza mipira ya akiba, kriki, masanduku ya vyombo na madumu. Mara moja unafika karibu tani 2 nyuma ya pickup.

Hilux ya dizeli ama Land Cruiser yenye nguvu inaweza kuvuta tani 2. Lakini kuvuta ni nusu ya kazi, maana kuna pia kusimamisha. Mkataba wa Vienna wa 1968 juu ya usafiri barabarani, ambao Kongo iliuingia 1977, unasema wazi: remorki inayopita kilo 750 lazima iwe na breki zake yenyewe. Tena shofere mwenye permi ya kawaida ya daraja la B haruhusiwi kukokota mzigo mkubwa hivyo. Pickup na remorki yake vikijumlishwa vinapita tani 3,5, na hapo anahitaji permi ya BE.

Hapa kwetu, remorki mingi zinachomelewa garaji: chuma, ekseli ya gari la zamani, mipira miwili, basi. Breki hazimo. Juu ya njia ya tambarare, polepole, inaweza kwenda. Lakini kutoka Kisoro kuelekea Kabale, ama kuteremka milima ya Rwanda, tani 2 zisizo na breki zinasukuma pickup toka nyuma. Breki za pickup zinapata moto, zinanuka, na mwisho zinakataa. Kwenye kona, remorki inaweza kusukuma mkia wa pickup pembeni, vyote viwili vikageuka kuziba njia. Anayekuja upande mwengine, pengine juu ya moto na watoto wawili, hana pa kukimbilia.

Hatari nyingine ni kuyumba. Gari likifungwa nyuma sana juu ya remorki, pua ya remorki inakuwa nyepesi, na ukikimbia kidogo kila kitu kinaanza kucheza kushoto na kulia. Kanuni ya mafundi ni hii: karibu sehemu 10 kwa 100 ya uzito wote wa remorki ikae juu ya ndoano ya pickup. Kwa tani 2, hiyo ni kilo 200. Ukisogeza gari mbele ama nyuma kidogo tu, hesabu inabadilika.

Uzuri wa remorki

Pamoja na hayo yote, remorki iko na uzuri wake, na wanaoipenda si wajinga. Kwanza iko chini. Gari linapanda kwa mbao mbili na winchi ndogo, watu wawili wanatosha. Pili, inakula mazutu kidogo kuliko lori. Tatu, na hili ni kubwa kwa watu wa rally: mkifika unaifungua, unaiacha, na pickup iko huru. Kabla ya mbio, shofere na msomaji wake wa njia wanapita sehemu zote kwa gari la kawaida ili kuandika kona moja moja. Mwenye pickup tayari ana gari la kazi hiyo. Mwenye lori anapashwa kutafuta gari lingine.

Tena pickup ikiharibika njiani, pickup nyingine yenye ndoano inaweza kuchukua remorki na safari ikaendelea. Lori likiharibika usiku katikati ya pori, kuteremsha gari toka juu ni kazi ya kutafuta mlima wa udongo na vijana wa kusukuma.

Lori linaleta nini

Lori la aina ya Fuso ama Isuzu, lenye uwezo wa tani 4 na zaidi, linabeba gari la mashindano bila kulia. Breki zake zilitengenezwa kwa mzigo, na mengi yako na breki ya moshi inayosaidia kuteremka mlima bila kuchoma breki za magurudumu. Ni chombo kimoja, si viwili vilivyounganishwa, kwa hiyo kurudi nyuma katika msururu wa mpakani hakuhitaji ufundi mkubwa.

Juu yake kunaingia kila kitu: gari, mipira, injini ya akiba, jenereta, hema na mafundi wenyewe. Kwenye uwanja wa matengenezo, lori linageuka kuwa garaji na mahali pa kulala. Likiwa limefunikwa, watu hawaoni kilicho ndani. Katika njia ambazo usalama si wa uhakika, kutoonyesha gari la makumi ya maelfu ya dola ni sehemu ya ulinzi.

Matatizo pia yako. Sakafu ya lori iko juu, karibu kimo cha kifua cha mtu. Pasipo ngazi ya chuma iliyo nzito, watu wanarudisha lori kwenye ukingo wa udongo na kulisukuma gari taratibu. Mvua ikinyesha, huo ukingo unateleza. Gari likiwa juu hivyo, lori linainama zaidi kwenye kona. Kamba zifungwe kwenye magurudumu, si juu ya bodi peke yake, sababu bodi inacheza juu ya springi na kamba inalegea bila mtu kujua. Na lori linahitaji shofere wa permi ya C. Huyo lazima alipwe, alale, ale.

Mpaka unabadilisha hesabu

Mtu anaweza kufanya hesabu nzuri nyumbani, kisha mpaka ukaivunja. Mfano mkubwa ni Burundi. Januari 2024, serikali ya Gitega ilifunga mpaka wake na Rwanda. Kabla ya hapo, gari la Bujumbura lilipita Kayanza na Akanyaru, likafika Kigali kwa kilomita zisizofika 300. Mpaka ukiwa umefungwa, njia ya nchi kavu inayobaki ni kuzunguka Tanzania: kutokea Kobero, kupita Ngara, kisha kuingilia Rusumo. Badala ya duane moja, ni mbili. Na huko Tanzania, gari lenye uzito wa zaidi ya tani 3,5 linapashwa kupita kwenye mizani. Mwenye pickup anapita wepesi zaidi pale kwenye mizani, lakini amelipa kwa uchovu wa njia ndefu.

Upande wa Kivu Kaskazini nako kuna mfano. Bunagana iko mikononi mwa M23 tangu Juni 2022. Anayetaka kwenda Uganda anatazama hali ya Kasindi pia, na hali ya barabara ya kufika huko, kabla hajapima chombo.

Kuna pia mambo ya makaratasi. Kwa duane, remorki ni chombo chenye plaki yake. Kwa hiyo mwenye pickup anafika mpakani na vyombo vitatu: pickup, remorki na gari la mashindano. Mwenye lori anafika na viwili. Kila chombo kiko na namba ya shasi, kiko na asiransi, na ruhusa yake ya kuingia kwa muda. Karte ya Njano ya COMESA inasaidia kwa asiransi, na kitabu cha duane kinachotolewa na vyama vya magari kinaepusha kulipa kodi kwa gari litakalorudi. Lakini namba moja ikiandikwa vibaya, siku nzima inapita. Kongo iliingia rasmi Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022. Hilo halijaondoa karatasi hata moja kwa mtu anayevusha gari lisilo la kuuzwa.

Na kuna kitu kidogo kinachosahauliwa: Kongo, Rwanda na Burundi tunaendesha upande wa kuume. Uganda, Kenya na Tanzania ni kushoto. Shofere wa usukani wa kushoto akifika Uganda, anapotaka kupita gari lingine haoni mbele mpaka atoe pua nzima. Akiwa na remorki nyuma, urefu wake ni karibu mara mbili, na muda wa kurudi kwenye mstari ni mrefu. Shofere wa lori anakaa juu na kuona mbali kidogo.

Basi, achague nini?

Jibu linategemea njia na mara ngapi mtu anasafiri. Anayeshindana ndani ya nchi moja, juu ya lami, na ambaye tayari iko na pickup yenye nguvu, remorki yenye breki inamtosha na inamwachia pesa ya mipira. Anayevuka mipaka mara mbili ama tatu kwa mwaka, kwa njia za milima na katika miezi ya mvua, afadhali akodi lori. Akodi, si anunue: lori la kukodi wiki moja, wiki zingine linabeba simenti na maharagwe ya mtu mwengine, na kulitunza si mzigo wake. Anayelinunua bila kuwa na biashara ya kulipa mazutu, atauza gari la mashindano ili kulisha lori.

Lakini remorki ya tani 2 isiyo na breki, hiyo haimo kati ya machaguo. Inaonekana bei ndogo kwa sababu sehemu ya bei yake inalipwa na watu wengine: mama anayepanga ndizi kando ya barabara, moto inayopanda mlima, wanafunzi wanaorudi nyumbani.

Hilo halihusu watu wa rally peke yao. Katika majimbo yetu, remorki hizo hizo zinabeba jenereta, mashine za kusaga, mbao na magari yaliyokufa. Kabla ya kukubali mzigo wako ukokotwe, uliza mambo matatu: je, remorki iko na breki? Shofere iko na permi gani? Mzigo umekaa wapi juu ya ekseli? Akikasirika kwa kuulizwa, tafuta mwengine.