Mambo ya Barabarani: Kutia Petroli Katika Pikipiki

Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo zenye injini isiyofikia cc 250, na tangu hapo chombo hiki kimeingia hata katika vijiji ambavyo basi halijapata kufika. Mkulima huletewa mbolea kwa pikipiki, karani huwahi afisini kwa pikipiki, na mama mjamzito hufikishwa hospitalini kwa pikipiki. Juu ya mwendo wa kasi na kofia za kukinga kichwa yamekwisha semwa mengi. Lakini zipo dakika mbili tatu za kila siku ambazo hazitajwi sana, nazo ni zile ambazo pikipiki husimama mbele ya pampu.

Atakaye kuona jinsi kazi hiyo ifanywavyo, na asimame karibu na kituo cha mafuta saa kumi na mbili za jioni, wakati watu warudipo makwao. Pikipiki huja tatu nne kwa pamoja. Mwendeshaji hashuki, hubaki ameketi, tangi li katikati ya mapaja yake, na nyuma yake yupo mama aliyebeba mtoto mgongoni. Kifuniko hufunguliwa, mhudumu hutia petroli ya shilingi mia mbili, mwendeshaji hutikisa chombo chake huku na huku apate kusikia imefika wapi, hulipa, huwasha injini papo hapo, akaenda zake. Mara mia hapatokei neno, na kwa sababu hiyo watu husema kwamba hapana hatari.

Wasemao hivyo, wengi wao wamelelewa na mafuta ya taa. Mafuta ya taa yana upole wake: katika hewa ya kawaida ya milimani hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yapate joto la nyuzi 38 hivi au zaidi, na ndiyo maana hukaa katika taa na jiko bila ya kuleta msiba kila siku. Petroli ni ndugu yake kwa ukoo tu, tabia zao ni mbalimbali. Hutoa mvuke wa kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo haijapata kuonekana hata juu ya Mlima Kenya. Na kiwakacho ni mvuke huo, wala si yale majimaji yaonekanayo kwa macho. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hata nne, kwa hiyo haupandi juu ukapotea kama moshi; hushuka, ukatambaa chini kama maji, ukajikusanya katika mitaro na mashimo. Hewa ikiwa na mvuke huo sehemu moja na nusu tu katika mia, cheche moja yatosha.

Waliokwenda kuchota petroli ya lori lililopinduka pale Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009, hawakuwa wapumbavu. Hawakuuona mvuke uliokuwa umewazunguka miguuni, na moto ulipotokea watu zaidi ya 100 walikufa. Miaka kumi baadaye, tarehe 10 Agosti 2019, yakatokea mambo yale yale Msamvu, Morogoro, katika nchi jirani ya Tanzania, na miongoni mwa waliopotea walikuwamo waendeshaji wengi wa bodaboda.

Kituoni petroli ni chache kuliko ile ya lori, ila pikipiki nayo ina umbo lake ambalo motokaa haina. Katika motokaa mdomo wa tangi uko nyuma ubavuni, mbali na injini, na dereva ametengwa na bati. Katika pikipiki tangi limewekwa juu ya injini yenyewe, na mdomo wake unatazama tumbo la mwendeshaji. Tena tangi hilo ni fupi. Bomba la pampu limetengenezwa ili lijifunge lenyewe tangi la motokaa likijaa, lakini katika pikipiki haliingii ndani vya kutosha, na mara nyingi petroli huwa imekwisha furika kabla halijajifunga. Ifurikapo hushuka juu ya injini yenye moto, ikageuka mvuke mara moja, na hapo hapo zipo nyaya za umeme na plagi. Iliyobaki huingia katika suruali ya aliyeketi na leso ya mama aliye nyuma.

Kwa hiyo sharti la kwanza ni kuzima injini na taa kabla ya kifuniko kufunguliwa, na la pili ni kwamba kila mtu ashuke, mwendeshaji na abiria pia. Abiria aende kando, mbali kidogo na pampu. Sharti hili la pili ndilo livunjwalo zaidi, na sababu yake ni ya heshima kuliko ya ukaidi. Kijana huona haya kumshusha mzee mwenye bakora, au mama mwenye mtoto na mizigo, kwa jambo la dakika moja. Mhudumu naye huogopa kwamba mteja atakasirika, ahamie kituo cha ng'ambo ya barabara. Hapo heshima imewekwa mahali pasipo pake. Mzee akiambiwa, "Mzee, naomba ushuke kidogo tutie mafuta," hatatukanika. Na mama aliyeelezwa atashuka upesi kuliko mwenye pikipiki mwenyewe. Mtu aliyesimama chini aweza kukimbia. Aliyebanwa kati ya mwendeshaji na gunia la viazi hawezi.

Wenye vituo wana sehemu yao pia. Mhudumu huchukua mshahara mdogo, hupimwa kwa wingi wa wateja, na huulizwa pesa zikipungua jioni. Haifai kumtazamia aseme, "Bwana, zima injini, ushuke kwanza, ndipo nitie," iwapo mwajiri wake hatamtetea mteja akiondoka kwa hasira. Kituo kinachoandika masharti ukutani na kumwacha mhudumu peke yake mbele ya foleni hakijafanya lolote.

Pikipiki isimamishwe wima kwa stendi yake ya katikati, ikiwa inayo, na petroli itiwe polepole. Tangi lisijazwe mpaka mdomoni. Petroli hutoka katika hodhi lililo chini ya ardhi, ambako ni baridi, na baadaye pikipiki huachwa juani sokoni kutwa nzima. Lita 10 zikipata joto la nyuzi 20 zaidi huongezeka karibu moja ya tano ya lita, yaani kadiri ya glasi ndogo, na glasi hiyo ikikosa nafasi hutafuta njia ya kutokea. Iliyomwagika ipanguswe ikauke, kifuniko kifungwe, kisha chombo kisukumwe hatua tano sita mbele ndipo kiwashwe.

Juu ya simu za mkononi watu hubishana sana. Wachunguzi wa Marekani walioikagua mioto mingi ya vituoni hawakukuta mmoja ulioletwa na simu. Walikuta umeme uletwao na kusuguana kwa nguo na vitu vikavu, ule umchomao mtu kidogo ashikapo chuma wakati wa ukame. Ni vyema basi mwendeshaji aguse chuma cha pikipiki yake, mbali na mdomo wa tangi, kabla ya kufungua kifuniko. Hata hivyo simu ina dhara lake. Wengi hulipa kwa M-Pesa, nao huanza kubonyeza tarakimu huku petroli ikiendelea kumiminika, macho ya mhudumu na ya mteja yakiwa katika kioo cha simu. Pesa zingoje mpaka bomba limerudishwa mahali pake.

Wakulima wana jambo jingine, maana pampu ya kunyweshea shamba na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe nazo zataka petroli. Mtungi uwe ule uliotengenezwa kwa petroli, wenye kifuniko kinachokaza. Utiwapo mafuta uwekwe chini juu ya ardhi, wala usishikwe mkononi au kuachwa juu ya kiti cha pikipiki, ili ule umeme wa kusuguana upate njia ya kwenda ardhini. Chupa ya maji ya kunywa haifai kabisa. Wauzao petroli kwa chupa kando ya barabara huivunja Sheria ya Petroli ya mwaka 2019, iwatakayo wafanyao biashara hiyo wapate leseni kwa Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli. Lakini ubaya ulio mkubwa zaidi hutokea nyumbani: mtoto mwenye kiu haulizi chupa ina nini, na mama atiaye mafuta katika taa gizani aweza kushika chupa isiyo yake. Mtoto aliyekunywa petroli asitapishwe, kwa kuwa itapandia mapafuni. Apelekwe hospitalini mara moja.

Moto ukizuka wakati petroli inatiwa, mhudumu aachilie kitufe cha bomba, na bomba lenyewe aliache ndani ya tangi. Mkono hutaka kulivuta nje, na ndipo petroli humwagika juu ya watu ikiwaka. Wote waondoke, swichi kuu ya pampu izimwe, na moto uzimwe kwa mtungi wa unga au kwa mchanga. Maji hayafai, kwa sababu petroli huelea juu yake na kwenda nayo yaendako. Ambaye nguo zake zimelowa petroli lakini hazijawaka asipande pikipiki. Asogee mbali, ajimwagie maji, ndipo azivue. Nguo zikiwa zinawaka asikimbie, alale chini ajiviringishe. Jeraha la moto limwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20. Dawa ya meno, unga na mafuta ya kupikia visipakwe, na kitambaa kilichogandamana na ngozi kisibanduliwe nyumbani. Hiyo ni kazi ya mganga wa hospitali.