Isiyopungua na Isiyozidi

Chukua wavulana wawili wa kidato cha nne wanaokaa dawati moja kata ya Mugeta, wilayani Bunda. Mmoja ana miaka 17, mwenzake 18. Picha ya utupu ya binti wa darasa lao, mwenye miaka 16, inaingia kwenye kundi la WhatsApp, nao wote wawili wanairusha kwa wengine. Kosa ni lile lile, lakini mbele ya sheria njia zao zinaachana papo hapo.

Kifungu cha 13 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kusambaza picha za ngono za mtoto. Faini haipungui shilingi milioni 50, kifungo hakipungui miaka 7, au vyote viwili. Mvulana wa miaka 18 anabeba mzigo huo wote. Wa miaka 17 analindwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayokataza mtoto kufungwa jela. Mahakama ya Watoto inaweza kumwachia kwa masharti au kumpeleka shule ya maadilisho.

Wapo wanaosema huo ni utoto tu, yaishe nyumbani. Siafiki. Binti anayenyooshewa kidole gulioni na kisimani ameumizwa kweli, na mbuzi wa fidia anayepewa baba hamrudishii heshima yake. Lakini miaka 7 kwa kijana aliyetimiza 18 juzi nayo si haki. Kenya, katika sheria yake ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018, ilitumia neno "kisichozidi" badala ya "kisichopungua", hata kwa picha za watoto, ambako kifungo chaweza kufika miaka 25. Hakimu wa huko anaweza kumpima mfanyabiashara wa picha hizo kwa kipimo chake, na mwanafunzi kwa chake. Bunge letu lifanye vivyo hivyo.

Shule nazo zisianze kwa kumfukuza binti. Yeye ndiye mwenye madai.

Na wewe mzazi au mwalimu, picha hiyo ikikufikia, usimtumie mtu yeyote, hata kwa nia ya kuonya: ukiituma, nawe umeisambaza. Chukua simu, nenda dawati la jinsia na watoto la polisi, ukaeleze.