Kabla Hujanunua, Angalia Tairi la Nyuma

Tangu niseme hapa kwamba daktari aliniambia presha imepanda na nikaanza kupiga pedali sebuleni, mmenijaza ujumbe. Swali ni moja: Pasta, ninunue mashine gani? Nitakujibu wazi, hata muuzaji akinuna.

Kama una baiskeli, anza nayo. Ile stendi ya kawaida hubana gurudumu la nyuma na kulikandamiza kwenye roli ndogo. Sasa, wengi wetu tuna baiskeli za milimani zenye tairi za meno. Hizo kwenye roli hunguruma, na meno yanalika upesi. Mimi nilijua hivyo wiki ya kwanza, saa kumi na moja alfajiri, jirani alipogonga mlango. (Amenisamehe.) Weka tairi laini nyuma, na upepo uwe uleule kila siku, maana tairi likilegea uzito unabadilika.

Iko aina nyingine: unatoa gurudumu la nyuma, cheni inakaa kwenye mashine yenyewe. Imetulia, na hupima nguvu zako vizuri zaidi. Lakini mpendwa, tafadhali, usichukue mkopo wa chama kwa ajili yake! Nyingi zinataka stima, na lazima zilingane na gia na ekseli za baiskeli yako. Stendi ya sumaku yenye waya wa kurekebisha uzito hufanya kazi hata stima ikipotea. Kwa anayeanza, hiyo inatosha kabisa.

Na wewe wa jim, sikiza. Zile baiskeli zenye gurudumu zito mbele, nyingi pedali zake zimefungwa na gurudumu. Ukiacha kukanyaga ghafla, zinaendelea kuzunguka na mguu wako. Usiruke. Bonyeza kitasa cha breki, zisimame, ndipo ushuke.

Kiti je? Weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Ukirudisha sehemu ya mbele ya wayo, goti litakunja kidogo tu. Kiti cha chini sana huumiza magoti.

Washa feni, maana ndani hakuna upepo wa barabara. Dakika ishirini kwanza, uzito mdogo, uweze kuongea bila kuhema. Na kama una presha kama mimi, mwone daktari kabla hujapanda.

Niambie hapa chini: tairi lako la nyuma lina meno ama ni laini?