Cha Kuazima Hakisitiri Maungo

Kila mwaka vijana wetu kwa maelfu humaliza masomo vyuoni na kuanza kubisha hodi katika ofisi za serikali, mashirika na makampuni. Hati zao wanazo mkononi, nao wamefunzwa namna ya kuandika barua ya kuomba kazi. Lakini asubuhi ya siku ya usaili wengi wao husimama mbele ya sanduku la nguo wasijue la kufanya. Mmoja huazima koti la kaka yake, mwingine viatu vya jirani, na wa tatu hukopa fedha akanunua suti ambayo hajapata kuivaa hata mara moja. Wanapoketi mbele ya wasaili, nusu ya akili yao imo katika mikono ya koti iliyopita vidole, au katika kiatu kinachobana. Swali wanalijua na jibu wanalijua, ila sauti haitoki.

Wahenga walisema kwamba cha kuazima hakisitiri maungo. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mtu anayejivunia mali ya wenzake. Sisi leo twapenda kuirudisha kwenye nguo yenyewe, tena twapenda kuongeza neno. Katika mambo ya mavazi, kitu tunachokiazima kuliko vyote ni macho. Twajitazama kwa macho ya jirani, ya mtawala, ya mwenye duka na ya mwanamuziki, hata mwishowe hatujui sisi wenyewe twapendezwa na nini. Mtu wa namna hiyo, hata akivishwa hariri, atatembea kama aliyeiiba.

Historia ya sehemu zetu hizi imejaa watu waliotaka kutuchagulia nguo. Huko Tanzania, mwezi wa Oktoba 1968, vijana wa chama cha TANU walitangaza vita dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na kampeni yao iliyoitwa Operesheni Vijana ikaanza Januari 1969. Hapa Uganda, mwaka 1972, serikali ya Idi Amin ilipiga marufuku sketi fupi kwa amri, na wanawake wakakamatwa kwa ajili ya urefu wa pindo. Katika Zaire ya Mobutu, miaka hiyo hiyo ya 1970, wanaume waliamriwa kuacha suti na tai wakavaa abacost, jina ambalo kwa Kifaransa lina maana ya kuiangusha suti. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu mwenyewe aliruhusu tai tena katika hotuba yake. Kwa takriban miaka 20 taifa zima lilikuwa limefundishwa kwamba uzalendo wa mtu unapimwa kwa ukosi wa koti lake.

Tusidhani kwamba mambo hayo yalikwisha na watawala wale. Mwezi wa Februari 2014 ilitiwa saini hapa nchini Sheria ya Kupinga Ponografia. Maneno ya sheria hiyo hayakutaja sketi fupi, lakini uvumi ulitangulia kabla watu hawajasoma, na wahuni wakajichukulia madaraka ya kuwashambulia wanawake barabarani na kuwavua nguo. Ilipofika Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vyake muhimu. Twasema wazi kwamba mtu anayemvua mwanamke nguo mbele ya umati, huku akidai kulinda heshima, hana heshima yoyote anayoilinda. Na binti aliyepita katika hofu ya namna ile hujifunza kuvaa kwa woga, akijiuliza kila asubuhi nani atamwona. Woga ni mshonaji mbaya.

Hatusemi kwamba kila mtu avae apendavyo kila mahali. Kazi ina adabu zake. Mwezi wa Julai 2017 Wizara ya Utumishi wa Umma ilitoa waraka uliowataka watumishi wanaume wavae shati la mikono mirefu na tai, na wanawake wasivae sketi inayopanda juu ya goti wala nguo zinazoonyesha mwili. Walikuwako walionung'unika. Sisi twaona kwamba waraka kama huo ni mpaka wa shamba, na mpaka hauchagui mbegu. Watazameni makarani wawili katika ofisi moja, wote wamevaa shati jeupe, tai na suruali nyeusi kama walivyoagizwa. Mmoja nguo zake zimemkaa, ukosi umenyooka, na tai yake ina rangi aliyoichagua kwa sababu aipenda. Wa pili amefungwa na tai hiyo hiyo kama mbuzi wa sadaka. Sheria yao ni moja, lakini mmoja wao anajijua.

Hapo yaweza kuulizwa: je, mtu kujijua katika mavazi maana yake ni kukataa kila kilichotoka nje na kurudi kwenye nguo za babu zetu? Jibu li mbele ya macho yetu kila Jumamosi penye kwanjula. Gomesi, vazi ambalo mama wa Kiganda hulihesabu kuwa lake kuliko jingine lolote, jina lake latokana na fundi Mgoa aliyeitwa Gomes, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 alilishona kwa ajili ya wasichana wa shule ya Gayaza. Kanzu anayovaa bwana harusi pamoja na koti ilipanda kutoka pwani katika karne ya 19, ikiletwa na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili. Vyote viwili vilikuwa vya wageni. Lakini mama zetu walilichukua gomesi, wakajua namna ya kuyasimamisha yale mabega yaliyochongoka, namna ya kuufunga mshipi mpana chini ya kiuno, namna ya kupiga magoti bila kitambaa kutawanyika. Wazee nao waliitia kanzu nakshi ya rangi ya damu ya mzee kifuani. Leo hakuna anayemwambia mama aliyevaa gomesi kwamba amevaa cha kuazima. Kitu huwa chako unapokizoea, ukakifaidi na kukipa mwendo wako.

Hiyo ndiyo tofauti tunayotaka vijana waione. Kuchukua si kosa. Kosa ni kuchukua bila kuchagua.

Na siku hizi mchaguzi mkuu amekuwa soko. Picha zinazopita katika simu hubadilika kila juma, na kila picha humwambia kijana kwamba nguo aliyonunua mwezi jana imepitwa. Ng'ambo ya mpaka, vijana wa Kinshasa waliomfuata mwanamuziki Papa Wemba waliifanya nguo kuwa sanaa kamili, na hatuwezi kukana kwamba walijua kupanga rangi na kutembea. Lakini wengi wao waliipima sanaa hiyo kwa majina ya washonaji wa Paris na Milano, hata mtu akawa tayari kulala njaa ili ukosi wake usomeke. Sisi nasi tunayo yetu. Kundi la marafiki huitwa kwenye kwanjula na kutakiwa kushona sare ya kitambaa kimoja. Anayeweza hutoa fedha kwa furaha. Asiyeweza hukopa, akavaa siku moja, na karo ya mtoto ikachelewa muhula mzima. Hatujasikia kwamba bibi harusi yeyote aliachwa kwa sababu shangazi yake alivaa gomesi la mwaka jana. Yafaa tuanze kuambiana hivyo kwa sauti, na wenye shughuli wawe wa kwanza kusema, "Njooni na mlicho nacho."

Basi kijana aanzie wapi? Twashauri aanzie kwenye mwili wake mwenyewe, kwa kuwa ndio atakaouvika maisha yake yote. Ajue mabega yake yana upana gani, kiuno chake kiko wapi, mkono wake unaishia wapi. Nguo ya bei ndogo inayomkaa mtu humpendeza kuliko ya bei kubwa inayomning'inia. Anayekwenda kununua mitumba katika soko la Owino na atazame bega kwanza. Mshono wa bega ukae juu ya mfupa wa bega, usiteremke wala usipande. Mkono mrefu fundi ataupunguza, kiuno kipana atakibana, pindo atalipandisha, lakini koti lililokosewa bega ni kazi ngumu na ya gharama kulirekebisha. Baada ya bega akague kwapa, ukosi, zipu na vifungo. Mle mle sokoni wamo mafundi wenye cherehani wanaofanya kazi ya kurekebisha nguo huku mnunuzi akisubiri. Fedha kidogo anayopewa fundi huyo ndiyo inayoitoa nguo mikononi mwa mwenyewe wa kwanza na kuifanya ya wa pili.

Jambo la pili ni kuwa na nguo chache zinazopatana. Suruali au sketi 2 na mashati 3 yanayokubaliana kwa rangi humpa mtu mivao 6, nazo zatosha juma la kazi. Vumbi letu ni jekundu na mvua zetu hazina taarifa. Anayepanda bodaboda kila siku hana haja ya sketi nyembamba isiyomruhusu kukaa, wala viatu vyeupe vitakavyofika kazini vikiwa na rangi ya udongo. Vazi lazima liujue mwendo wa siku ya mvaaji.

La tatu, nguo mpya isitoke nyumbani siku ya kwanza kwenye jambo kubwa. Ivae nyumbani, keti nayo, inama, inua mkono kama anayeandika ubaoni, panda ngazi. Mahali inapokukataa utapajua mapema. Watu hudhani kujiamini ni tabia anayozaliwa nayo mtu. Kwa sehemu kubwa ni mazoea. Mtu asiyelazimika kuvutavuta shati lake huinua uso akamtazama anayesema naye.

La nne, awe na kitu kimoja anachokipenda mwenyewe bila kuulizwa na mtu: rangi fulani, kitenge cha aina fulani, kofia, shanga alizoachiwa na bibi yake. Akivae mara kwa mara hadi watu wamtambue nacho. Huo ndio mwanzo wa kile kinachoitwa mtindo, nao hauhitaji mshahara mnono.

Tunajua wako watakaosema kwamba haya ni mambo madogo, kwamba nchi yenye shida za ajira na karo haina nafasi ya kuzungumza habari za kola na pindo. Twawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Tajiri akivaa ovyo huitwa mtu asiyejikweza. Maskini akivaa ovyo huambiwa asubiri nje. Ni maskini anayepimwa kwa nguo kabla hajafungua kinywa, langoni, hospitalini, benki na ofisini. Kwa hiyo ni yeye mwenye haja zaidi ya kujua namna ya kujisitiri vizuri kwa fedha kidogo, na ya kusimama wima ndani ya nguo hizo bila kuomba radhi.

Jukumu hili si la vijana peke yao. Wazazi wengi huwachagulia watoto nguo hadi siku ya kuhitimu, kisha hushangaa kijana anapofuata kila upepo. Mtoto wa miaka 10 aachwe achague shati mojawapo kati ya mawili, na akikosea rangi asichekwe. Shule nazo zimfundishe kila mwanafunzi, mvulana kwa msichana, kushona kifungo, kukunja pindo na kupiga pasi. Anayejua kurekebisha nguo yake haiogopi. Nasi wakubwa maofisini tuache tabia ya kumkagua mgeni kuanzia viatu kwenda juu kabla ya kumwitikia salamu. Tumpokee, tumwambie, "Karibu, ndugu, keti," kisha tumsikilize.

Kwako kijana unayejiandaa kwa usaili juma lijalo, neno letu ni fupi. Lirudishe koti la kaka yako. Toa shati lako lililo jema, lifue, lipige pasi, mpelekee fundi alibane mahali linapopwaya. Kisha livae jioni mbele ya kioo, ujitazame kwa macho yako mwenyewe, nayo yazoee kukuona hivyo. Wasaili watauona utulivu huo kabla hawajaliona shati.