Sekunde Kumi za Kuingia Lami

Kuingia barabara kuu kutoka barabara ya mtaa au ya kijiji ni kipande kifupi mno cha safari ya pikipiki, na ndicho kinachodai utulivu kuliko vyote. Ndani ya sekunde chache dereva wa bodaboda huondoka akiwa amesimama, hupanda lami, hugeuka na kutafuta kasi mbele ya magari ambayo tayari yamo mwendoni. Kwa wakazi wa Unyambwa, moja ya kata za Manispaa ya Singida, hili ni jambo la kila siku. Mji wa Singida ndipo zinapokutana barabara ya kutoka Dodoma kupitia Manyoni, ya kwenda Nzega kupitia Shelui na Igunga, na ya kwenda Babati kupitia Katesh. Humo hupita mabasi ya mikoani na malori yanayotoa mizigo Bandari ya Dar es Salaam kuipeleka Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Bodaboda anayebeba abiria wa hospitali au gunia la alizeti la sokoni, mapema au baadaye, huchanganyika nayo.

Mazingira ya kuchanganyika huko ni magumu. Barabara ya Thika nchini Kenya, iliyokamilika mwaka 2012, ina njia za pembeni ambazo chombo hutumia kukusanya kasi kabla ya kujiunga na magari ya kasi. Barabara kuu za Singida kwa sehemu kubwa zina njia mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Anayetoka barabara ya vumbi huingia moja kwa moja kwenye njia ya lori. Kwa hiyo swali la usalama wake ni moja: ana muda kiasi gani?

Muda huo unaweza kukokotolewa. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inayaruhusu mabasi na malori makubwa kwenda hadi kilomita 80 kwa saa nje ya maeneo ya makazi, na kilomita 50 ndani yake. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata takriban mita 22 kila sekunde. Tuseme pikipiki ya cc 125 au 150, yenye abiria na mzigo, inahitaji sekunde 10 kufikia kilomita 60 kwa saa kutoka kusimama. Katika sekunde hizo itasogea kama mita 83 tu, na lori litakuwa limesogea mita 222. Lori lililokuwa umbali wa mita 140 wakati pikipiki inaondoka litakuwa limeifikia taa ya nyuma. Lililokuwa mita 222, yaani sekunde 10 kamili, litabaki nyuma kwa mita 83 hivi, na bado litaendelea kuikaribia. Sekunde 10 basi ndizo kiwango cha chini kwa bodaboda aliyebeba. Dereva wa lori hawezi kuzifidia kwa breki: akishtukia hatari akiwa na mzigo katika kasi hiyo, huhitaji mita 80 na zaidi kusimama, hata lami ikiwa kavu.

Jicho la binadamu halipimi muda huu vizuri. Chombo kidogo huonekana kiko mbali zaidi na kinakuja polepole zaidi kuliko kilivyo. Nchini Marekani, Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walichunguza ajali 900 za pikipiki mjini Los Angeles na kutoa ripoti mwaka 1981. Katika ajali zilizohusisha pikipiki na gari lingine, mara mbili kati ya tatu dereva wa gari ndiye aliyeinyima pikipiki haki yake ya kupita. Kosa hilo humpata pia bodaboda anayesubiri kuingia: huliona basi akasubiri, lakini pikipiki nyingine inayokuja na taa moja usiku huiona iko mbali wakati imeshafika.

Kwa kuwa jicho hudanganya, alama iliyowekwa ardhini ni mwamuzi bora. Kila kijiwe kilicho kwenye makutano ya barabara kuu kinaweza kuchagua alama yake pande zote mbili: mti, kibao au nguzo iliyo umbali wa hatua 300 hivi za mtu mzima. Chombo chochote kikiwa kimeshaivuka alama, pikipiki haiingii. Pale ambapo magari yana kasi kubwa zaidi, alama isogezwe mbali. Usiku, alama isipoonekana, taa zinazokaribia zisubiriwe mpaka zipite. Makutano ambayo kona, kilima au kichaka huficha upande mmoja kabla ya umbali huo hayafai kuingiliwa, na ni salama kusogea hadi mahali penye upeo ulio wazi.

Utaratibu wa kuingia una hatua zake. Kwanza pikipiki isimame kabisa ikiwa bado kwenye udongo, gia ya kwanza ikiwa tayari na indiketa ikiwaka. Kioo cha pembeni hakisaidii mtu aliyesimama kwa kukabili barabara, hivyo shingo igeuke: kulia, kushoto, kisha kulia tena, kwa sababu Tanzania magari hupita kushoto na la kwanza kumfikia ni la upande wa kulia. Nafasi ikipatikana, pikipiki iondoke bila kusita. Ukingo wa lami mara nyingi uko juu ya udongo, na tairi linaloupanda kwa ulalo huteleza kando yake na kumwangusha dereva katikati ya njia. Upandwe kwa kuukabili, ndipo usukani ugeuzwe. Kiangazi huwa na kokoto na mchanga mdomoni mwa barabara ya vumbi. Masika, kati ya Desemba na Aprili, tairi hupanda lami likiwa na tope. Hali zote mbili huhitaji muda zaidi ya sekunde 10.

Anayekwenda kulia ana kazi mara mbili. Lazima avuke njia ya karibu, kisha ajiunge na njia ya mbali, na pande zote mbili ziwe wazi kwa wakati mmoja. Kuvuka nusu na kusimama kwenye mstari wa katikati ni kujiweka kati ya malori mawili. Nafasi ikikosekana, ni heri kuingia kushoto na kugeuzia mbele penye upeo mpana. Anayeondoka kando ya barabara baada ya kushusha abiria ana hatari nyingine, kwa kuwa magari humjia kwa nyuma. Huyo huanza na kioo, kisha hugeuka kutazama juu ya bega la kulia kabla ya kuachia klachi.

Baada ya kuingia bado kuna upepo. Singida inajulikana kwa upepo wake mkali, na lori linalopita huisukuma pikipiki kwanza, kisha huivuta kuelekea kwake. Dereva anayekaa ukingoni kabisa hana pa kuyumbia. Nafasi yake ni ndani ya njia, mikono ikiwa imara bila kukaza, macho yakirudi kwenye kioo kila mara.

Mzigo hubadilisha hesabu yote. Gunia lililofungwa nyuma hulifanya tairi la mbele kuwa jepesi, huinua mwanga wa taa na kurefusha breki. Kanuni za usafirishaji wa pikipiki za mwaka 2010 zinaruhusu abiria mmoja, na mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, huiongezea pikipiki sekunde ambazo hakuna lori litakalozisubiri. Helmeti ni ya wote wawili. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa na taasisi ya Cochrane mwaka 2008 ulionyesha kuwa hupunguza uwezekano wa mwendesha pikipiki aliyepata ajali kufa kwa takriban asilimia 42, na kuumia kichwa kwa asilimia 69. Shirika la Afya Duniani katika ripoti ya mwaka 2023 lilikadiria vifo vya barabarani kuwa milioni 1.19 kwa mwaka, na asilimia 21 ni vya watumiaji wa pikipiki na bajaji. Hawa ni watu waliotoka nyumbani wakitafuta riziki, na kila mmoja ana wanaomtegemea.

Madereva wa magari makubwa nao wana sehemu yao. Anayefuata kilomita 50 kwa saa kwenye makazi hukata mita 14 kwa sekunde badala ya 22, na hivyo humwachia bodaboda muda unaotosha. Anayelipita gari jingine penye makutano humpokonya muda huo, kwa sababu huja kwenye njia ambayo anayeingia kushoto hakuitarajia kuwa na gari la upande huo.

Kazi iliyobaki ni ya wenye barabara. TANROADS husimamia barabara kuu na za mikoa, na TARURA, iliyoanza mwaka 2017, husimamia za mijini na vijijini. Makutano ni mali ya zote mbili, na ndiyo maana ni rahisi yakaachwa bila mwangalizi. Kuweka lami mita chache za mwisho za barabara ya vumbi, kusawazisha ukingo, kufyeka vichaka kila baada ya masika na kusimamisha vibao vinavyotangaza makutano ni kazi ndogo ikilinganishwa na gharama ya kujenga barabara yenyewe. Vijiwe, serikali za mitaa na trafiki wanayajua makutano mabaya ya maeneo yao. Orodha hiyo ikiandikwa kata kwa kata, Unyambwa ikiwemo, na kufikishwa kwenye ofisi zote mbili kabla ya bajeti ya kila mwaka, matengenezo yataanzia mahali pale ambapo watu wanaumia.