Mchezo wa Kujihami na Haki ya Mtazamaji

Mpenzi wa kandanda atokaye Omurushaka kwenda Bukoba kutazama mechi katika uwanja wa Kaitaba hufunga safari ndefu. Hupitia Kyaka, hulipa nauli ya kwenda na kurudi, kisha hununua tiketi. Mwenzake wa visiwa vya Bumbire au Goziba ana gharama nyingine, maana yeye hutegemea chombo na hali ya ziwa. Wote wawili wanastahili kuonyeshwa mchezo. Mara nyingi mno huonyeshwa mlinda mlango aliyejilaza chini akishika goti lisilo na jeraha, na wachezaji kumi waliojazana mbele ya goli lao tangu filimbi ya kwanza, wakiomba sare.

Hatusemi kwamba kujihami ni kosa. Timu changa inayokutana na Simba au Yanga hailaumiwi kwa kufunga milango yake, na ukuta uliopangwa vema una uzuri wake. Tunacholalamikia ni kuua wakati. Mchezaji anapotumia dakika nzima kurusha mpira wa pembeni, au beki anapoubutua makusudi hadi ndani ya migomba, hapo hakuna ulinzi wala mbinu. Mtazamaji ananyimwa alicholipia.

Desturi yetu ni kuwalaumu wachezaji na walimu wao. Sisi twaona kwamba mzizi uko katika kanuni. Mkulima hulima zao lenye bei, na sare ikiwa na bei nzuri italimwa.

Waingereza waliliona hilo katika mchezo wao wa kriketi. Mechi za majimbo yao zilichukua siku tatu, wapigaji wakiuzuia mpira saa baada ya saa ili wasitolewe, na watazamaji wakapungua. Mwaka 1963 yakaanzishwa mashindano ya siku moja, kila upande ukiwekewa kikomo cha mipira ya kupigiwa. Mwaka 2003 kikomo hicho kilishushwa hadi mipira 120, mchezo ukawa wa jioni moja, na viwanja vikajaa. Lakini kanuni nayo yaweza kushindwa na mkaidi. Tarehe 7 Juni, 1975, katika Kombe la Dunia la kwanza la mchezo huo, Uingereza ilipata mikimbio 334. Sunil Gavaskar wa India alikaa uwanjani mpaka mwisho, akapigiwa mipira 174 na kupata mikimbio 36 tu. Timu yetu ya Afrika Mashariki ilikuwa katika kundi hilo hilo.

Katika kandanda, Afrika ina kidonda chake. Mwaka 1982 huko Hispania, Algeria iliifunga Ujerumani Magharibi 2-1. Kisha Wajerumani na Waaustria walipokutana Gijón tarehe 25 Juni, bao moja la dakika ya 10 likatosha kuzivusha timu zote mbili. Muda uliobaki ukaisha kwa kupasiana bila nia ya kufunga, na Algeria ikarudi nyumbani. Tangu mwaka 1986 mechi za mwisho za kundi huchezwa kwa wakati mmoja. Uingereza ilianza kutoa pointi tatu kwa ushindi mwaka 1981, na Kombe la Dunia likafuata mwaka 1994. Baada ya fainali za mwaka 1990, zilizotoa mabao 115 katika mechi 52, mlinda mlango alikatazwa kudaka pasi ya mguu itokayo kwa mwenzake. Na tangu mwaka 2025, akiushika mpira zaidi ya sekunde nane, wapinzani hupewa kona.

Kanuni hizo zipo pia kwa mwamuzi wa Karagwe na Kyerwa. Kadi ya njano kwa anayechelewesha mchezo haihitaji kibali cha mtu, wala dakika zilizopotea hazihitaji kuombewa. Ni wajibu wake kuzirudisha.

Jambo hili si dogo kwa mkoa wetu. Kagera Sugar iliposhuka kutoka Ligi Kuu mwishoni mwa msimu wa 2024/25, Kaitaba ilipoteza mechi ambazo ziliweza kuujaza uwanja kwa jina la mgeni peke yake. Mechi ya timu mbili za wilayani haina jina la kuvutia watu. Ina mchezo wake tu, na ukiwa wa kulala chini, kijana wa njia panda ya Omurushaka atabaki kwenye kibanda cha televisheni akitazama ligi ya Uingereza, na fedha yake itabaki huko.

Kwa hiyo twawaomba maafisa michezo na viongozi wa vyama vya mpira vya wilaya waitazame hesabu ya pointi katika mashindano wanayoyaendesha wenyewe. Shirikisho la Kisovieti, katika ligi yake ya mwaka 1978, lilikataa kutoa pointi kwa sare yoyote iliyozidi nane kwa timu. Twapendekeza kwetu jambo jepesi zaidi: sare ya bila kwa bila isitoe pointi, na ile yenye mabao itoe moja. Na kabla ya hapo, kila mwenyeji alazimishwe kuweka mipira minne kando ya uwanja pamoja na vijana wa kuiokota, ili ule ulioingia migombani usisimamishe mchezo.