Mwigizaji Aliyekuja Kuwa Waziri Mkuu



Hapa Mwese, kama kwingineko, mtoto akisema anataka kuwa mwigizaji wa filamu, wengi wetu hushika kichwa. Twaona uhuni umeingia nyumbani. Mwezi huu tumtazame mtu ambaye wengi wetu tulimfahamu kwa siasa tu: Mzee Rashidi Mfaume Kawawa.

Alikuwa mzaliwa wa Songea, akasoma Tabora, kisha akaajiriwa na serikali ya kikoloni katika kazi ya maendeleo ya jamii. Siku hizo serikali hiyo ilishirikiana na kampuni ya Afrika Kusini kutengeneza filamu za Kiswahili ambazo waigizaji wake walikuwa Waafrika. Kijana Kawawa akawa nyota wao. Mwaka 1952 aliigiza katika Muhogo Mchungu, na alionekana pia katika Chalo Amerudi.

Je, sinema ilimharibu? Mwaka 1953 alipelekwa Urambo, huku huku magharibi mwa nchi yetu, kufanya kazi miongoni mwa Wakikuyu waliowekwa kizuizini wakati wa Mau Mau. Mwaka 1955 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, akawa katibu mkuu wake. Januari 1962 Mwalimu Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu ili akajenge chama, nchi alikabidhiwa Kawawa. Baadaye akawa Makamu wa Pili wa Rais, na Waziri Mkuu tena kuanzia 1972 hadi 1977. Mkewe, Bibi Sofia, aliyefariki 1994, alikuwa mwenyekiti wa UWT. Mzee mwenyewe alifariki tarehe 31 Desemba 2009.

Hatusemi sinema ndiyo iliyompa uongozi, wala kwamba kila mtoto apendaye kuigiza atafika Ikulu. Tunasema tu kwamba kipaji na heshima vinaweza kukaa katika mtu mmoja. Kawawa aliigiza akiwa na kazi yake, na kazi hakuitupa.

Mama mwenzetu, katika mfano wa talanta, aliyelaumiwa ni yule aliyeifukia yake ardhini. Mara nyingine mwenye jembe la kuifukia talanta ya mtoto ni mzazi. Kwa hiyo mwanao akipenda kuigiza, usimtukane. Mwache aigize shuleni na katika sikukuu za kanisa, nawe uende ukamtazame. Muulize ni filamu gani anazipenda, na mchezo huo unamfundisha nini. Ukiona ni uchafu, mkanye kwa upole ukimweleza sababu. Na masomo yake ayashike, asije akaweka mayai yote katika kapu moja.

Mtoto anayesikilizwa nyumbani hatatafuta wa kumsikiliza gizani. Mungu awape hekima katika malezi.